Karanga za kuchemsha katika chungu cha umeme: kwa nini zilizokauka hukataa kulainika

Binti wa Soroti (Ntinda, Kampala)

Ndugu zangu, naanzisha uzi huu kwa sababu kwa muda wa miaka 2 nimekuwa nikitafuta namna ya kupata hapa nyumbani kwangu Ntinda karanga za kuchemsha zenye ladha ile niliyoizoea utotoni Teso, na sasa nimefika mahali ambapo naweza kuwaeleza wengine bila kuwapotosha. Kwetu tunaziita emaido. Zinapong'olewa shambani katikati ya mwaka, zikiwa bado na udongo unyevu kwenye maganda, huoshwa, hutiwa chumvi na kuchemshwa siku hiyohiyo, nasi watoto tulikuwa tukizila zikiwa moto huku maji ya chumvi yakitiririka hadi kwenye viwiko.

Shida ya mjini ni kwamba karanga mbichi za namna hiyo hupita haraka sana. Wiki chache unawaona wachuuzi wakizipima kwa vikombe kwenye vituo vya teksi, kisha zinatoweka, na kwa sehemu kubwa ya mwaka kinachobaki sokoni ni karanga kavu. Hata hizo kavu nyingi zimekwisha kubanguliwa, tayari kusagwa kwa ajili ya mchuzi wa ebinyebwa, kwa hiyo ukitaka zilizo ndani ya maganda yake inakubidi umwombe muuzaji akuletee gunia ambalo halijafika kwa wabanguaji.

Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu, na naona wengi wanakosea papo hapo. Nilikuwa nikichukua karanga kavu na kuzipika kwa muda unaofaa karanga mbichi. Karanga iliyong'olewa leo ina maji mengi ndani yake, pengine theluthi moja ya uzito wake au zaidi, na punje yake ni laini kiasi kwamba unaweza kuitoboa kwa ukucha. Iliyokaushwa vizuri kwa ajili ya kuhifadhiwa ina maji chini ya sehemu 10 katika 100. Maji yale yaliyoondoka juani hayana budi kurudishwa kwanza kabla upishi wenyewe haujaanza, nayo yanapita pole sana, kwa maana kuna ganda, kisha ile ngozi nyembamba, kisha punje iliyojaa mafuta. Ndiyo maana mtu huchemsha karanga kavu kwa saa 3 juu ya sigiri, akaonja, akakuta kitu kinachokatika menoni kama kiazi kibichi, akadhani karanga zake ni mbaya.

Chungu cha umeme cha kupika polepole, kile chenye bakuli zito la kauri na kifuniko cha kioo, kinafaa kazi hii kuliko chombo kingine nilichojaribu, kwa sababu kinaweza kukaa karibu na kiwango cha kuchemka kwa nusu siku bila kukausha maji na bila mtu wa kukilinda. Waamerika wa majimbo ya kusini, ambako karanga za kuchemsha zinapendwa sana hata jimbo la South Carolina likazitangaza mwaka 2006 kuwa kitafunio rasmi cha jimbo, nao hukitumia kwa ajili ya karanga kavu msimu wa mbichi unapokwisha. Ukisoma maelekezo yao uangalie wanazungumzia karanga zipi, kwani wanaposema za kijani hawamaanishi rangi. Wanamaanisha zilizotoka ardhini na hazijaanikwa.

Nafanya hivi. Chungu changu ni cha lita 6. Nachukua gramu 700 za karanga kavu zenye maganda, naziosha kwa maji mengi nikizisugua kwa viganja mpaka maji yatoke meupe, jambo ambalo huhitaji kubadilisha maji mara 4 au 5, kwa kuwa udongo wa shambani hujificha katika mikunjo ya ganda na ukiachwa utaupata katika mchuzi. Kisha naziloweka usiku kucha katika maji yenye vijiko 3 vya chumvi, na juu yake naweka sahani nzito, kwa sababu karanga huelea na iliyoelea haiingiwi na maji. Asubuhi namwaga maji hayo, nazihamishia katika chungu, natia vijiko 7 vya chakula vya chumvi, yaani gramu 120 hivi, na lita 3 za maji niliyokwisha kuyachemsha kwenye birika. Maji ya moto ni muhimu: ukianza na maji baridi, chungu hiki kitatumia saa 2 au 3 kupasha tu. Juu ya karanga natandika kipande cha jani la mgomba na kisahani cha kuzikandamiza, nafunika, naweka moto wa juu.

Baada ya saa 8 naanza kuonja, moja kila nusu saa. Kwa kawaida zinakuwa tayari kati ya saa 10 na 12. Iliyoiva haikatiki, inasagika kati ya ulimi na kaakaa kama haragwe lililopikwa vizuri, na ganda lake linabonyea bila kutoa sauti. Zile mbichi za msimu, katika chungu hikihiki, huniishia kwa saa 5 hadi 7 bila kulowekwa.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililobadilisha kila kitu kwangu: usizitoe mara zinapoiva. Zima chungu, acha kifuniko, ziache ndani ya maji yake kwa saa 2. Zinapopoa polepole, hewa na mvuke uliomo ndani ya ganda hunywea, na maji ya chumvi huvutwa kuingia mahali pake. Karanga iliyotolewa ikichemka ina chumvi kwenye ganda tu. Iliyopumzishwa ina chumvi hadi moyoni mwa punje. Kwa hiyo usiongeze chumvi kabla hazijapumzika, kwani utakuja kujuta.

Naomba wenye uzoefu wanirekebishe, na wenye maswali wayaulize.

Mama wa Mukono

Dada, nakushukuru kwa maelezo yaliyotulia. Mimi nilizipika wiki iliyopita kwa saa 13, nilikuwa nimeziloweka, na bado zilibaki ngumu katikati. Tofauti ninayoiona ni mbili: maji yetu ni ya kisima cha kuchimbwa, na mimi nilitia ndimu 2 na nyanya tangu mwanzo kwa kuwa watoto wanapenda ukali. Je, inawezekana karanga zenyewe zilikuwa za zamani mno?

Binti wa Soroti (Ntinda, Kampala)

Mama, umri unaweza kuchangia, lakini mimi ningeanza na hayo mawili uliyoyataja, kwa maana yote mawili yanajulikana kuzuia jamii ya kunde kulainika, na karanga, ingawa tunaizoea kama kitafunio, ni ndugu wa maharage na kunde. Ua lake huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama na kuingia udongoni, na tunda hukua humo.

Kinachoshikamanisha chembe za punje ni gundi ya asili ambayo kalisi huikaza na asidi huilinda isiyeyuke. Maji ya visima vingi yana kalisi nyingi. Unaweza kuyatambua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa ule ukoko mweupe ndani ya birika. Ndimu na nyanya huleta asidi. Wewe ulikuwa unazifunga karanga zako kwa mikono miwili halafu unaziomba zilegee. Jaribu maji ya mvua safi uliyoyakinga na kuyachemsha, na ndimu uiache hadi mwisho, wakati wa kupumzisha, ambapo haitazuia chochote na ladha yake itaingia pamoja na chumvi. Kitunguu saumu, tangawizi na kamulali, ile pilipili ndogo kali, hazina shida. Zitie tangu mwanzo.

Chumvi katika maji ya kulowekea nayo si ya ladha. Sodiamu iliyomo huchukua nafasi ya sehemu ya ile kalisi, na gundi hulegea mapema. Watu wengi wameambiwa kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu, nami nililiamini neno hilo mpaka nilipopika vyungu viwili, kimoja chenye chumvi tangu kulowekwa na kingine kisicho nayo, na kile chenye chumvi kikatangulia kwa zaidi ya saa nzima.

Kuna atakayekushauri utie magadi. Ni kweli yatazilainisha kwa haraka, lakini yatazipa ladha ya sabuni, yatatia weusi kwenye ngozi na kuharibu vitamini B1. Kwa karanga siyapendekezi hata chembe.

Mkulima wa Ngora

Binti yangu, umeeleza vizuri kazi ya jikoni, nami naongeza ya shambani, maana chungu hakiwezi kurekebisha kilichoharibika kabla ya kukifikia.

Kwanza ni aina. Hapa kwetu tunalima za zamani zenye punje ndogo nyekundu, na tunalima zile zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Serere, zinazoitwa Serenut, ambazo herufi baada ya namba hukuambia rangi ya punje: R ni nyekundu na T ni ya hudhurungi. Wengi wetu tulizipokea kwa sababu ya ule ugonjwa wa rozeti, unaoenezwa na vidukari na unaoweza kulifanya shamba zima lidumae na kuwa manjano. Kwa kuchemsha, mimi huchagua zenye ganda jembamba na punje zilizolijaza. Ganda nene lenye nafasi kubwa ndani huchukua maji mengi ya chumvi na kumchelewesha mpishi, na ukilibonyeza linakumwagikia usoni.

Pili ni wakati wa kung'oa. Anayetaka mbichi za kuchemsha azing'oe siku chache kabla ya wale wanaotaka za kukausha. Pasua ganda moja uangalie upande wa ndani: likiwa jeupe kabisa, karanga ni changa na punje yake itapotea chunguni; likiwa na madoadoa ya kahawia yaliyoanza kuenea, hiyo ndiyo ya kuchemsha; likiwa limeshaiva weusi kote, iache ikauke. Aina nyingine zikichelewa ardhini wakati mvua ipo huanza kuota hapohapo ndani ya ganda, na iliyoota ina uchungu.

Tatu, mbichi hazina subira. Zikikaa kwenye gunia siku 2 katika joto, hupashana moto zenyewe, hutoa utelezi na harufu. Ukizinunua zisambaze siku hiyo, na usipoweza kuzipika zitie kwenye friji ndani ya mfuko ulioachwa wazi. Mchuuzi anayekuuzia kutoka katika gunia lililofungwa, ingiza mkono wako hadi katikati. Ukihisi joto, mshukuru uende zako.

Muuza nafaka (Owino)

Mzee wa Ngora amenigusa mahali ninapopajua, nami nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu nimeona watu wanaamini kwamba kuchemsha kwa saa 12 kunaondoa kila ubaya. Si kweli.

Kuvu aina ya Aspergillus flavus na mwenzake Aspergillus parasiticus wanapoota kwenye karanga hutengeneza sumu tunayoiita sumukuvu. Kuvu mwenyewe hufa kwenye maji yanayochemka, lakini sumu aliyoiacha haifi. Inavumilia joto kubwa kuliko lolote linaloweza kupatikana katika chungu cha nyumbani. Ulimwengu uliitambua baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Kwa binadamu, anayeila kidogokidogo kwa miaka mingi huharibiwa ini, na inahesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini ya aina ya B. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu yote kwa kilo moja ya karanga, na 5 kwa ile kali zaidi inayoitwa B1. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakisikiki kwa ulimi.

Kwa hiyo kinga yetu ni kuchagua. Karanga zilizo ndani ya maganda zina faida moja kubwa, kwamba ganda lenyewe ni ulinzi, ila tu liwe zima. Anayechemsha atoe kila ganda lililopasuka, lililokatwa na jembe, lililotobolewa na mdudu, au lenye doa jeusi au unga wa kijani na manjano. Kisha, kabla hujanunua, mwombe muuzaji akuruhusu upasue karanga 20 kutoka sehemu mbalimbali za gunia, si za juu tu. Ukikuta punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye nyuzi za ukungu, hata kama ni 2 pekee, usinunue gunia hilo kwa ajili ya kuchemsha, kwa sababu hautaona yaliyomo ndani ya maganda mengine mpaka yawe mdomoni mwa mtoto.

Ulizia pia zilikaushiwa wapi. Zilizoanikwa juu ya turubai au mkeka ni afadhali kuliko zilizotandazwa ardhini, na zilizonyunyiziwa maji ili kubangua kuwe rahisi ni hatari kuliko zote, kwani unyevu ule ndio chakula cha kuvu. Namna ya kupima ukavu bila chombo ni kuitikisa karanga karibu na sikio: iliyokauka hulialia, punje zikigonga ganda.

Na wakati wa kula, iliyo chungu au yenye rangi ya ajabu itemwe, isimezwe kwa aibu ya kuwa mgeni mezani.

Fundi umeme wa Jinja

Nina neno moja kuhusu chombo chenyewe, kwa kuwa nimeletewa vyungu kadhaa vya aina hii vikiwa vimeungua. Vingi vilikuwa vimetumwa na ndugu walioko Marekani. Kule umeme wa majumbani ni volti 120, hapa kwetu ni volti 240. Chombo cha kupasha joto kilichotengenezwa kwa volti 120, ukikichomeka moja kwa moja katika ukuta wa hapa, hakitapata moto mara mbili kama watu wanavyodhani, bali mara nne, na kitaungua ndani ya dakika chache, pengine pamoja na meza. Geuza chungu usome kibandiko cha chini. Kikiwa na 120 tu, nunua transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa wati mara mbili ya zilizoandikwa kwenye chungu, na adapta ya pini peke yake haitoshi, kwa maana hiyo hubadilisha umbo la plagi na haibadilishi umeme.

Kuhusu gharama, chungu cha lita 6 mara nyingi huwa na wati 200 hadi 300. Cha wati 250 kikiwaka kwa saa 11 mfululizo hakiwezi kuvuka uniti 2.75. Koili ya kawaida ya wati 1,500 hula kiasi hicho kwa chini ya saa 2.

Binti wa Soroti (Ntinda, Kampala)

Asante sana, kaka. Nami nakuuliza juu ya umeme kukatika, kwa sababu mara moja niliondoka asubuhi kwenda kazini, nikarudi jioni, nikakuta chungu kina uvuguvugu na sikujua kilizimika lini. Nilizimwaga zote. Iliniuma, lakini sikuthubutu kumpa mtu.

Fundi umeme wa Jinja

Ulifanya sawasawa, dada. Karanga zilizochemshwa hazina asidi na zimejaa maji, na chakula cha namna hiyo kikikaa kwa muda mrefu chini ya nyuzi 60 vijidudu hustawi ndani yake, na baadhi yao huacha sumu ambazo kuchemsha tena hakuziondoi. Ukiwa nyumbani na umeme ukakatika, usifunue kifuniko, kwani kauri hutunza joto vizuri. Umeme usiporudi ndani ya saa 2, hamishia karanga katika sufuria, washa sigiri, zichemke kwelikweli, uendelee hapo.

Kwa anayetoka nyumbani, kuna jambo la kujua kabla ya kununua. Chungu chenye swichi ya kuzungusha hujiwasha tena umeme unaporudi, ila hakikuambii kwamba kilizimika. Chenye vitufe na kioo cha namba kwa kawaida hubaki kimezimwa. Mimi huwashauri wenye swichi ya kuzungusha wachomeke pembeni yake saa ndogo ya umeme isiyo na betri. Umeme ukikatika, saa hiyo hurudi sifuri na kuanza kuhesabu upya, na kwa kuitazama utajua umerudi saa ngapi.

Mwalimu wa Kabale

Nimefuata maelezo ya dada neno kwa neno, kwa maji ya mvua, na hapa Kabale zilichukua saa 15. Nadhani sababu ni mwinuko. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na hupungua kiasi cha nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, huchemka karibu na nyuzi 96. Huku kwetu, tukiwa karibu na mita 2,000, ni 93 au zaidi kidogo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika kazi ya kulainisha kunde kila nyuzi ina uzito wake, na chungu cha umeme hakiwezi kuvuka kiwango hicho hata ukiweka moto wa juu kwa siku 2.

Niliwahi kuambiwa kwamba chumvi nyingi hupandisha joto la kuchemka na kufidia hilo. Nimepiga hesabu: gramu 120 katika lita 3 hupandisha chini ya nyuzi 1. Kwa sisi wa milimani, linalofaa ni kuziloweka muda mrefu zaidi, saa 16 hadi 18, huku maji yakibadilishwa mara moja ili yasichachuke, au kutumia sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto zaidi ya nyuzi 110 na huziivisha zilizolowekwa kwa saa 1 na nusu hivi. Nimezijaribu zote mbili. Za presha ni laini, lakini maganda mengi hupasuka na punje hupoteza ule uzito wa ladha, na kwa kweli mimi nitaendelea na saa 15.

Mama wa Mukono

Na sisi ambao jirani zetu hawana chungu hiki, tuwaambie nini? Dada yangu aliyeko kijijini ameusoma uzi wote kwenye simu yangu akaniuliza kama hakuna njia.

Mkulima wa Ngora

Mwambie chungu hiki kiliigwa kutoka kwa akina mama. Mmarekani aliyekivumbua, Irving Naxon, aliyepewa hataza yake mwaka 1940, alipata wazo hilo katika simulizi za mama yake kuhusu chakula kilichoachwa usiku kucha katika tanuri ya mwokaji mikate iliyokuwa ikipoa huko Vilnius. Sisi nasi tumekuwa tukiacha matoke juu ya makaa yaliyofunikwa majivu tangu zamani.

Achemshe karanga zilizolowekwa katika sufuria nzito kwa saa 2 juu ya sigiri, kisha afunike makaa kwa majivu, atandike majani ya mgomba juu ya karanga na kuzunguka kifuniko ili mvuke usitoke, aziache zikitokota polepole. Kila baada ya saa 2 au 3 aongeze makaa machache na maji ya moto, kamwe si ya baridi. Ama awe na kikapu kilichopambwa ndani kwa blanketi na maganda makavu ya mgomba: sufuria ikichemka kwa nguvu anaifungia humo kwa saa 3, anaitoa na kuichemsha tena, na kurudia mara 3 au 4. Inahitaji mtu wa kuwepo. Lakini inaiva.

Muuza nafaka (Owino)

Naomba niongeze kuhusu kiasi cha chumvi, kwa ajili ya wazee wetu wenye shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, na gramu 100 za punje za karanga zilizochemshwa kwa chumvi zinaweza kubeba karibu gramu 2. Mama yangu humchemshia baba karanga zake katika sufuria ya pembeni kwa kijiko 1 tu, na anazipenda. Zikitoka na chumvi kupita kiasi, mwaga nusu ya maji, jaza mengine ya moto yasiyo na chumvi, zipumzike tena saa 1. Chumvi itarudi nje kwa njia ileile iliyoingilia.

Na kwa ambaye mwili wake haupatani na karanga, kuchemsha kunapunguza baadhi ya vitu vinavyomdhuru ikilinganishwa na kukaanga, lakini hakuvimalizi. Asionje.

Mama wa Mukono

Nimerudi, dada. Nilikinga maji ya mvua ya Jumatano, nikaloweka kwa chumvi saa 12, nikaacha ndimu kabisa, nikaweka kitunguu saumu na kamulali 3. Niliwasha saa 12 asubuhi. Saa 10 jioni bado zilikuwa na ukinzani kidogo, saa 11 na nusu zikawa tayari, nikazima na kuziacha hadi usiku. Ndimu niliikamulia nilipozima. Mume wangu, aliyesema wiki iliyopita kwamba karanga za kavu hazichemshiki, amekula bakuli 2 akiwa kimya.

Zilizobaki nimezichuja maji na kuziweka kwenye friji. Zinakaa siku ngapi? Na je, njugumawe zinaweza kupikwa hivihivi?

Binti wa Soroti (Ntinda, Kampala)

Nimefurahi sana, mama. Katika friji siku 5 hadi 7, ndani ya chombo kilichofunikwa. Zikianza kuteleza kidoleni zitupe. Kwenye jokofu la kugandisha zinakaa miezi kadhaa, na unazipasha kwa kuzitumbukiza katika maji ya moto zikiwa bado zimeganda. Usijaribu kuzifungia kwenye chupa na kuziweka kabatini, kwa sababu chakula kisicho na asidi kikifungiwa bila hewa kinaweza kuotesha sumu kali kuliko zote tulizozitaja.

Njugumawe, hizi ambazo huko kwenu mnaziita mpande, ndiyo, zinapikika hivihivi zikiwa mbichi na maganda yake. Zilizokauka na kubanguliwa zina ukaidi kuzidi karanga: mimi huziloweka saa 24, huzichemsha kwanza kwenye sigiri kwa dakika 30, ndipo huzitia katika chungu. Maharage, hasa yale mekundu, nayo lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kuingia humo, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole hauiondoi. Jumamosi hii naloweka njugumawe za kutoka Ngora, na nitaandika hapa saa zilizotumika.